Pesa za chuo kwa wanafunzi wahamiaji wanaojitolea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ikifika mwezi wa kwanza simu yangu haipumziki. Mara ni mama ana kijana anamaliza sekondari, mara ni binti yuko koleji ya jamii anataka kuacha masomo sababu ya ada, na karibu wote wanaanza na maneno yale yale, "sisi hatuna makaratasi kwahiyo najua hakuna kitu chetu". Hapo ndipo roho inaniuma, maana kwa hapa California hiyo si kweli na imekuwa si kweli kwa zaidi ya miaka 10 sasa, na watoto wetu wanaacha pesa mezani wakati wenyewe tayari wanajitolea kila wikiendi bila hata kujua kwamba huko kujitolea kuna thamani. Mimi naishi San Diego kwahiyo mengi hapa ni ya California, ila nimegusa na sehemu nyingine kwa sababu ndugu zetu wametapakaa Marekani nzima.

Hii ni skolashipu, mkopo au kibarua?

Si mkopo, haurudishi. Ile kubwa ninayoizungumzia inaitwa California Dream Act Service Incentive Grant, inatolewa na California Student Aid Commission, ndio hao hao wanaotoa Cal Grant, ule msaada wa masomo wa jimbo kwa wenye kipato kidogo. Makubaliano yake ni rahisi: wewe unafanya huduma ya kujitolea kwenye jamii, masaa 150 kila semesta au masaa 100 kwa kila kota kama chuo chako kinaenda kwa kota (mwaka wa masomo una kota tatu badala ya semesta mbili), na wao wanakupa mpaka dola 2,250 kwa semesta au 1,500 kwa kota, yani dola 4,500 kwa mwaka wa masomo. Ukiwa bado una Cal Grant hai unaweza kuipata mpaka miaka 4. Zamani ilikuwa dola 3,000 kwa masaa hayo hayo, ambayo ukipiga hesabu ni dola 10 kwa saa na wanafunzi wengi waliona bora wakatafute vibarua, sasa imefika dola 15 kwa saa. Nafasi zake zina kikomo, ni 1,667, kwahiyo usilale.

Nani anastahili?

Uwe na Cal Grant A au B uliyoipata kupitia fomu ya California Dream Act, uwe unasoma angalau nusu ya mzigo (uniti 6), na maksi zako ziwe zinaridhisha chuo. Nasisitiza hilo la Cal Grant kwa sababu watu wanaruka moja kwa moja kwenye pesa ya kujitolea, wakati huo ni mlango wa tatu. Mlango wa kwanza ni AB 540, wa pili ni Cal Grant, ndio unafika hapo.

AB 540 ndio nini? Nimesikia tu watu wakitaja

Ni sheria ya California ya mwaka 2001. Inasema kama umesoma miaka 3 sekondari ya California na ukamaliza (au ukapata GED, cheti kinacholingana na cha sekondari), unalipa ada kama mkazi wa California hata kama huna makaratasi. Baadae ikaongezwa nguvu na SB 68, kuanzia 2018 wakaanza kuhesabu na masomo ya shule za watu wazima na koleji za jamii, na hii imewasaidia sana vijana wetu waliofika wakiwa na miaka 17 au 18 ambao hawakuwahi kukaa sekondari miaka mitatu. Unajaza hati ya kiapo, unaipeleka ofisi ya udahili ya chuo chako, basi.

Tofauti yake ni kubwa jamani. Kwenye koleji ya jamii mkazi analipa dola 46 kwa uniti, asiye mkazi anaambiwa mamia ya dola kwa uniti hiyo hiyo moja. Na hata hizo 46, ukiwa na kipato kidogo kuna msamaha unaitwa California College Promise Grant unaozifuta, na AB 540 wanaruhusiwa.

Alafu mwaka 2011 zikaja AB 130 na AB 131, hizo ndio California Dream Act yenyewe, zilizofungua pesa za jimbo kwa wanafunzi wa AB 540. Cal Grant ikaanza kuwafikia mwaka wa masomo 2013-14.

Sina DACA. Nimechelewa?

Hapana. DACA na Dream Act ya California ni vitu viwili tofauti kabisa, watu wanavichanganya kila siku. DACA ni ulinzi wa muda wa serikali kuu dhidi ya kufukuzwa kwa walioletwa Marekani wakiwa watoto, ilitangazwa 2012, na maombi mapya yamekwama mahakamani tangu 2021. Dream Act ya California haikuulizi DACA wala haikuulizi namba ya Social Security. Kijana wa miaka 18 leo ambaye DACA ilimpita, huyo ndio hasa hii fomu ni yake.

Tumeomba hifadhi lakini kesi bado haijaisha. Nijaze ipi, FAFSA au Dream Act?

Swali zuri na ndilo ninaloulizwa zaidi na familia za Congo, Burundi na Uganda. Kama hifadhi IMESHAKUBALIWA, au mlikuja kama wakimbizi, au una grinikadi, fomu yako ni FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na unaweza kupata Pell Grant ya serikali kuu, ambayo kwa 2025-26 kiwango cha juu ni dola 7,395. Kama kesi bado inasubiri, hata kama unayo work permit na Social Security, FAFSA haikuhusu bado, jaza ya Dream Act ukiwa umetimiza AB 540. Siku kesi ikikubaliwa nenda ofisi ya msaada wa fedha ya chuo uwaambie mara moja, usisubiri mwaka uishe.

Usijaze zote mbili ukidhani unaongeza bahati. Unajichelewesha tu.

Nina visa ya F-1, naruhusiwa?

Hapana, pole sana. Visa ya mwanafunzi na ya utalii ambazo bado zina uhai hazimo. Uliza chuo chako kuhusu skolashipu zao za ndani.

Nikijaza hiyo fomu, ICE (polisi wa uhamiaji) hawatajua tunapokaa?

Hili sitalijibu kwa mzaha kwa sababu najua hofu iliyopo majumbani sasa hivi. Fomu ya Dream Act inakwenda kwa jimbo la California, haiendi Washington, na inatumika kwa ajili ya msaada wa masomo tu. FAFSA yenyewe inakwenda Wizara ya Elimu ya serikali kuu. Hiyo ndio tofauti.

Kuna familia zilizochanganyika, mtoto amezaliwa hapa Marekani ni raia, wazazi hawana kitu. Mtoto huyo ana haki ya FAFSA na Pell, na mzazi anaweza kufungua akaunti ya FAFSA bila Social Security. Lakini kuanzia mwaka wa masomo 2024-25 California ilimfungulia pia mtoto wa namna hiyo mlango wa fomu ya Dream Act, ili mzazi anayeogopa asipeleke jina lake serikali kuu. Gharama yake ni kwamba utapata pesa za jimbo tu, Pell inakupita. Mimi siwezi kukuchagulia hapo. Ninachokuomba ni usiamue kwa maneno ya WhatsApp, ongea na mwanasheria. Vyuo vikuu vya umma vya California, yani vya UC na vya CSU, na koleji nyingi za jamii vina huduma ya mwanasheria wa uhamiaji BURE kwa mwanafunzi, na wanafunzi wetu wengi hawajui hata ofisi iko jengo gani.

Masaa 150 si mengi? Nasoma, nafanya kazi usiku, na nalea wadogo zangu

Ni mengi, sitakudanganya. Semesta ina wiki kama 15 hivi kwahiyo ni masaa 10 kila wiki. Anayefanikiwa ni yule anayeanza wiki ya kwanza, anachukua siku mbili za masaa 5 kwenye sehemu MOJA. Anayeshindwa ni yule anayesema ntaanza baada ya mtihani wa katikati, huyo akija kushtuka zimebaki wiki 6 na anahitaji masaa 25 kwa wiki, haiwezekani na masomo yanaanguka, na masomo yakianguka Cal Grant yenyewe inayumba. Pima kwanza. Ukiona semesta hii una hesabu ngumu na maabara, afadhali uiache hii pesa uombe semesta nyingine kuliko kuangusha kila kitu.

Kazi gani zinahesabika kama huduma ya jamii?

Sehemu iwe taasisi ya umma au shirika lisilo la faida, alafu kazi yenyewe isaidie watu. Kufundisha watoto baada ya shule, kupanga na kugawa chakula kwenye maghala ya msaada, maktaba, kliniki za jamii, bustani za jamii, kusaidia wazee wanaosomea uraia. Hapa San Diego mtaa wa City Heights kuna New Roots, shamba la jamii lililoanzishwa na International Rescue Committee, ambapo wakimbizi wanalima mboga zao, na wamo Wasomali Wabantu ambao wazee wao bado wanazungumza Kizigula cha kwao asili kule Handeni. Nikipita pale nikasikia lugha ile California huwa nasimama kidogo. Kijana anayejua Kiswahili na Kiingereza mahali kama pale ni dhahabu. Ila usibebe jembe tu ukaenda, uliza chuo chako kwanza kama mahali unapotaka kwenda panakubalika.

Visivyohesabika: duka la mjomba (biashara ni biashara hata kama hakulipi, na huko si kujitolea, ni kufanyishwa kazi bure), kulea wadogo zako nyumbani, na kampeni za siasa.

Kila Jumapili natafsiri kanisani na nawapeleka wazee hospitali. Hayo masaa vipi?

Hapa nikae kidogo maana ndio jambo linalonikera moyoni. Watoto wetu wamekuwa wakalimani toka wana miaka 9. Mtoto amekaa na bibi kliniki anamtafsiria maneno ya daktari, amejaza fomu za chakula za majirani wanne, amepiga simu kampuni ya umeme kwa niaba ya jengo zima, na ukimuuliza kwenye fomu ya skolashipu "umewahi kufanya huduma ya jamii?" anaandika HAPANA. Kwake hiyo ni kawaida, ni kusaidia wazee, nani anaita hiyo huduma.

Sasa ukweli ni kwamba ukiifanya hivi hivi kienyeji haihesabiki, kwa sababu hakuna wa kusaini. Lakini kazi ile ile ukiifanya chini ya shirika inahesabika. Kwahiyo nenda kwenye shirika linalohudumia hao hao wazee, jamii yetu inayo mashirika mengi madogo yaliyosajiliwa, waambie nataka kujitolea kama mkalimani wa Kiswahili masaa 10 kwa wiki, nahitaji supavaiza wa kunisainia. Watafurahi sana, niamini. Kwa tafsiri za daktari wenyewe hospitali ina wajibu wa kuleta mkalimani aliyesomea, wewe msaidie mzee kupanga miadi, usafiri, fomu, kumkumbusha dawa.

Kuhusu kanisa au msikiti, tenganisha. Kugawa chakula kwa kila anayekuja bila kujali dini yake ni huduma. Kufundisha Biblia au madrasa, kuimba kwaya, kuongoza ibada, hivyo ni vya imani na usiviandike.

Naandikaje masaa yangu?

Siku hiyo hiyo. Tarehe, umeingia saa ngapi umetoka saa ngapi, umefanya nini, na sahihi ya supavaiza ambaye si ndugu yako. Piga picha ya karatasi kila wiki. Kuna binti wa jamii yetu alipoteza masaa zaidi ya 40 kwa sababu aliyekuwa anamsimamia alihama kazi kabla hajasaini na mpya aliyekuja akasema mimi sikukuona, na hakuwa na makosa, kweli hakumuona. Masaa ya kweli, jasho la kweli, yakapotea. Toka siku hiyo kila kijana anayenifuata namwambia sahihi ni kila wiki, si mwisho wa semesta.

Na andika saa kwa mtindo wa kizungu jamani! Kuna kijana aliandika ameanza "saa 3" akimaanisha asubuhi saa tatu yetu, ofisi ikasoma saa 9 alasiri, ikabidi aanze kuelezea upya.

Nisipomaliza masaa nadaiwa?

Huu ni msaada unaolipwa kwa huduma uliyofanya, kwahiyo usipotimiza, pesa ya semesta hiyo hupati. Cal Grant yako ni kitu kingine, hiyo inaendelea kwa masharti yake yenyewe. Ukiona unakwama wahi kuwaandikia imeli kabla semesta haijaisha.

Na College Corps ni hiyo hiyo?

Hapana, ni nyingine, na kwa anayeweza mimi naipenda zaidi. Californians For All College Corps ilianza kupokea wanafunzi msimu wa vuli 2022. Unafanya masaa 450 kwa mwaka wa masomo, unapata mpaka dola 10,000: dola 7,000 zinakuja kidogo kidogo kila mwezi za kuishi, na dola 3,000 za masomo ukimaliza. Piga hesabu, ni kama dola 22 kwa saa. Kazi zake ni kufundisha watoto, chakula kwa wenye uhitaji, na mazingira. Wanafunzi wa AB 540 wa Dream Act waliwekwa ndani toka mwanzo, na ndio maana tuliifurahia sana.

Uzuri wake ni kwamba chuo kinakutafutia sehemu ya kujitolea na supavaiza, hupigi simu huku na huku. Ubaya wake ni vyuo vilivyomo tu ndio vinatoa, kwahiyo uliza chako kama kimo, na masaa ni kama 15 kwa wiki. Ukifikiria kuchukua zote mbili usije ukahesabu masaa yale yale mara mbili, hiyo itakuharibia jina na pesa yote.

Mimi ni mkimbizi wa Congo niko Nashville, hizi za California zinanisaidia nini?

Hazikusaidii, ila wewe una Tennessee Promise. Inalipa ada yote inayobaki baada ya Pell na misaada mingine kwenye koleji za jamii na vyuo vya ufundi vya jimbo, mpaka semesta tano, na sharti lake la kujitolea ni masaa 8 tu kabla ya kila semesta. Nane! Mkimbizi anayestahili FAFSA anastahili na hii. Lakini lazima uombe ukiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, dedlaini imekuwa Novemba 1, na hapo ndipo wengi wetu wanaanguka maana mwezi huo mzazi hata hajasikia neno FAFSA. Aliyepitwa na umri kuna Tennessee Reconnect ya watu wazima.

Nina grinikadi, AmeriCorps vipi?

AmeriCorps ni mpango wa serikali kuu wa kujitolea, inachukua raia na wenye grinikadi. Ukimaliza mwaka mzima wa masaa 1,700 unapata posho ya kuishi wakati wa kazi na mwishoni tuzo ya masomo ambayo kiwango chake kinafuata Pell Grant, una miaka 7 ya kuitumia kulipa chuo au mkopo wa chuo. Kitu ambacho watu hawakijui: mzee wa miaka 55 na kuendelea anayetumikia kwenye programu za AmeriCorps State and National anaweza kumhamishia tuzo hiyo mtoto au mjukuu wake. Nina bibi mmoja hapa nilipomwambia alinyamaza muda mrefu alafu akaniuliza, "yani mimi nimsomeshe mjukuu kwa kuwasomea watoto hadithi shuleni?" Ndio bibi, ndivyo. Huyo mjukuu naye awe raia au na grinikadi.

Niko Texas

Ndugu zangu wa Houston, Dallas na Abilene, Texas ndiyo iliyotangulia 2001 kuwapa wasio na makaratasi ada ya mkazi, na Juni 2025 sheria hiyo ikazuiwa mahakamani. Wakimbizi na wenye grinikadi hawakuguswa, chuo kikikuandika asiye mkazi kwa kukosea peleka karatasi zako na ubishe kwa heshima lakini usikubali.

Hizi pesa zinakatwa kodi?

Pesa unayopewa kwa ajili ya huduma uliyofanya inaweza kuhesabiwa kipato, na tuzo ya AmeriCorps inahesabiwa mwaka unaoitumia. Weka pembeni kidogo. Kujaza kodi nenda VITA, huduma ya watu wa kujitolea wanaojaza fomu za kodi, ni bure kwa wenye kipato cha chini na wengi wao wanapokea hata wenye ITIN, yani namba ya kodi ya asiye na Social Security.

Kuna kaka anatujazia fomu kwa dola 300, ni mwaminifu?

Fomu zote hizi ni bure. Hata hiyo F ya kwanza ya FAFSA maana yake ni bure. Anayekutoza, na kibaya zaidi anayebaki na paswodi yako, mkimbie. Kaunsela wa shule na ofisi ya msaada wa fedha ya chuo wanakujazia bila senti.

Dedlaini ni lini?

Fomu ya Dream Act kawaida inafunguliwa Oktoba 1, na dedlaini ya Cal Grant ni Machi 2. Walioko koleji za jamii wana nafasi ya pili, Septemba 2. Kuna miaka wamesogeza mbele, usitegemee. Na hakikisha shule imetuma GPA yako (wastani wa maksi, juu kabisa ni 4.0), kwa maana fomu bila GPA haisogei. Cal Grant A inataka 3.0 ya sekondari, B inataka 2.0.

Mimi ni mama wa miaka 41, nimeanza koleji ya jamii mwaka huu. Hizi si za vijana?

Mama yangu, kuanzia 2021 California iliondoa sharti la umri na la muda tangu umalize sekondari kwenye Cal Grant kwa wanafunzi wa koleji za jamii. Mlango ni ule ule na foleni ni ile ile na mwanao. Kama masaa ya shule ya watu wazima ya kukuwezesha AB 540 yapo, omba karatasi ya kuyathibitisha wiki hii, maana ofisi zao zinafungwa kiangazi, alafu njoo nayo tuketi tujaze.